Kabla ya Utepe

Utepe ulikuwa pale, mbele ya kifua chake, na Mzee Kasi akalegeza miguu.

"Umefanya tena, baba," mtafiti akasema.

Mzee akafumbua macho. Alikuwa amelala chali kitandani, soksi miguuni, kofia ya nyaya kichwani, wala hakuwa amesogeza hata kidole. Ndivyo kazi ya chumba kile ilivyotaka. Mtu analala, anafumba macho, anakimbia kwa mawazo tu, na kompyuta inatazama jinsi ubongo wake unavyoiamrisha miguu. Mtafiti, binti mdogo tu kwa umri, alitaka kujua kama wanariadha wa zamani waliogomewa na miili yao, wakikimbia hivyo kila wiki, watarudishiwa nguvu kidogo.

Mzee Kasi alivunjika nyonga, akawa mtu wa mkongojo. Jina lake la uwanjani likabaki kuwa mzaha wa mtaa.

"Tazama mwenyewe," binti akamgeuzia skrini. "Kuanza, safi. Kwenye kona, safi, ubongo unawaka kama jiko. Halafu hapa, utepe unakaribia, miguu inazimika. Unaowaka ni mkono wa kushoto. Kwa nini mkono?"

"Mkono nao hukimbia, daktari."

"Sio hivi. Na midomo yako inacheza. Unaongea na nani?"

"Naisema njia."

Binti akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Kitanda kilikuwa kimoja na watu waliokisubiri walikuwa wengi. Wakubwa zake walitaka mbio kamili, mtu avuke utepe kwa kasi yake yote.

"Mimi nadhani unaogopa kushinda, baba. Wapo watu wa hivyo. Wiki ijayo ukivuka, unabaki nasi. Usipovuka, itabidi nafasi nimpe mwingine. Naomba usininunie."

"Sinuni, mwanangu. Nitavuka."

Alisema kwa moyo mmoja. Kitanda kile ndipo mahali pekee alipobaki anakimbia. Nyumbani alishajaribu, akalala chali vilevile, akafumba macho vilevile, uwanja ukakataa kuja. Zilikuja kelele za majirani tu. Mlango wa chumba kile ukifungwa kwake, basi tena.

Alirudi kwao, akaanza kupanda ngazi.

"Ngazi," alisema chini chini. "Nyingine. Haya, kona, kushoto."

Fundi cherehani aliyekuwa na kibanda chake hapo chini akainua kichwa. "Mzee Kasi, leo unaongea na nani?"

"Na ngazi. Naziomba zisinitupe."

"Zikikujibu, uniite. Na ukifika juu kabla sijamaliza suruali hii, nakushonea bukta ya mbio bure."

"Anza kukata kitambaa."

Cherehani ilikuwa imenyamaza kitambo alipofika mlangoni kwake.

"Kizingiti," akasema akiingia, na ndani hapakuwa na mtu.

Mkewe alifariki mvua zilizopita. Marehemu hakutaka kiti kihamishwe hata kidogo, na mpaka leo hakuna kilichohamishwa. Viti viliegemea ukuta, katikati njia nyeupe, pana, ya kupita mtu. Medali zilining'inia ukutani mbili mbili, kila moja na pacha wake. Mzee akachemsha chai, akainywa kwa kusimama. Alipomaliza akakikosha kile kikombe kimoja, akakifuta, akakikosha tena, maana alikuwa hana kingine cha kufanya.

Siku ya kwenda tena kwa mtafiti ilipofika, akasimama mbele ya msumari uliokuwa karibu na mlango. Palikuwa na kipande cha kamba ya viatu, kimefungwa kitanzi ncha zote mbili, cheusi kwa jasho la zamani. Akakitazama. Akakitia mfukoni.

"Leo ni mbele tu, baba," binti alimwambia akimpaka ute baridi chini ya zile nyaya. "Usimtazame mtu, usimsubiri mtu. Unaenda kama umefukuzwa."

"Nimekusikia."

"Na mdomo ufunge."

"Huo sikuahidi."

Akafumba macho. Bastola ikalia.

Miguu ikaja yote, na nyonga nayo ikaja nzima, haijui habari ya mkongojo. Vumbi la uwanja likamwingia puani. Kona ikafika, akaisema, ikapita. Nyuma yake wengine walipumua kama mivukuto ya mhunzi, kisha akawa hawasikii tena. Leo navuka, alijiambia. Navuka, nisije nikafukuzwa humu.

Utepe ukatokea. Akasikia kiti cha mtafiti kikisukumwa nyuma. Binti alikuwa amesimama.

"Ndiyo hivyo, baba," sauti ikatoka mbali. "Usiache. Usiache."

Hakuacha. Miguu ilikuwa bado na moto wote, utepe umebaki kuguswa tu.

Ndipo kamba ikakaza kwenye mkono wake wa kushoto. Mzee Kasi akalegeza miguu, kwa sababu anayemwongoza asiyeona akivuka kwanza, mbio za wote wawili hufutwa. "Toa kifua, mke wangu, utepe huu hapa," akanong'ona, akamwacha atangulie.