Kwaheri ya Chombo

Kazi ya Mwanahawa katika shirika la anga ilikuwa kujibu maswali ya watu mtandaoni kana kwamba yeye ndiye chombo kilichotua Mirihi. Bi Sikitu, mama mtu mzima asiyemjua, alimsalimia kila asubuhi: "Umeamkaje, mwanangu?" Naye alimjibu: "Salama, mama. Huku vumbi tupu."

Leo chombo kilikuwa kimezimika kabisa. "Aga watu, kisha usijibu tena," bosi alimwagiza.

"Betri zangu zimekwisha," aliandika. "Kwaherini."

"Una nani huko wa kukushika mkono?" Bi Sikitu akauliza.

Mwanahawa akaondoa vidole kwenye kibodi.

"Haya, lala, mwanangu. Nipo hapa mpaka upate usingizi."

Hadi ofisi inafungwa, kidoa cha kijani cha kuonyesha yupo mtandaoni, kando ya jina la mama yule, kilikuwa bado kinawaka.