Taa ya Kumnyima Mkunga Usingizi

"Hii ndiyo kubwa kuliko zote?" kinyozi aliuliza. Mkono mmoja ulikuwa juu ya taa, mwingine umeyafunika masharubu yake kama mtu anayelinda mfuko wake sokoni.

Muuza taa alimtazama kwa mashaka. Mteja huyu alishakuja mara mbili. Kwanza alinunua taa ndogo ya kubana kwenye rafu, yenye mwanga wa zambarau, kisha bamba la mwanga mweupe. Sasa alikuwa ameikodolea macho taa ya LED ya kuotesha mimea yenye upana wa mlango wa kabati. Muuzaji aliiagiza kwa makosa, na tangu hapo alikuwa akijikwaa nayo kila asubuhi.

"Kaka, hiyo ni ya banda zima la miche. Wewe unayo mingapi?"

"Mmoja."

"Mmoja!"

"Wa pilipili. Na haukui. Majani yanapauka, kingo zinakauka. Ni njaa ya mwanga hiyo, mimi naijua."

"Na taa umeiweka umbali gani na majani?"

"Umbali wa nini? Inayagusa kabisa. Sitaki mwanga upotee njiani."

Muuzaji alifungua mdomo amweleze jambo. Kisha akaitazama ile taa, akautazama mguu wake wenye alama za kujikwaa, akaufunga mdomo.

"Ngoja nikufungie na kamba ya kubebea," alisema.

Yote haya yaliletwa na domo la kinyozi mwenyewe. Masharubu yake, mazito, yaliyopakwa mafuta na kusokotwa ncha, yalikuwa ndiyo tangazo la biashara yake. Watu walikuja kunyoa ili tu wayaone kwa karibu. Lakini jioni moja alimwambia mkunga mstaafu wa ng'ambo ya uchochoro, ambaye dirisha lake lilitazamana na la kwake, kwamba bibi mwenye chumba chenye giza kama kile hawezi kuotesha hata ukungu. Mkunga akamjibu kwamba giza hilo ni lao wote wawili. Neno likazaa neno, wakapeana mkono kupitia madirishani, maana uchochoro wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi hicho na jua halikuwahi kuujua. Kila mmoja apande pilipili chumbani. Yule ambaye yake itaiva kwanza ameshinda. Mkunga akishindwa, atafagia nywele dukani kwa kinyozi mpaka akome. Kinyozi akishindwa, masharubu chini.

Usiku huo hakulala kwa hofu. Asubuhi akasikia habari za taa za mimea, na roho yake ikawa kwatu. Yule bibi alikuwa na balbu moja tu, ya kutafutia miwani.

Zaidi ya hapo, taa ilimpa raha ambayo hakuitarajia. Kila jioni mkunga alifungua dirisha na kulalamika.

"Mwanangu, hiyo taa! Ujana wangu wote nimekesha nikizalisha watu. Leo nimestaafu nilale, wewe unaniletea mchana chumbani!"

"Si ufunge pazia, mama?" mke wa kinyozi alimwuliza kwa huruma.

"Nimelifua, halijakauka. Na nikisikia mmenunua kubwa zaidi ya hiyo, haki ya nani nahama!"

Kinyozi alicheka mpaka jino la mwisho. Kesho yake ndipo akaonekana kwa muuza taa.

Taa kubwa ilipowashwa, paka wa jirani alishuka ukutani na hakurudi tena. Mke wa kinyozi alianza kukoroga chungu akiwa amevaa miwani ya jua. Kwa mng'ao ule hawakuweza tena kuona ng'ambo. Walichosikia ni sauti tu ya mkunga, "Uuuwi! Mtaniua nyie!", na kinyozi alijifunika taulo usoni akalala usingizi wa pono.

"Mume wangu," mkewe alimwambia siku moja, "mche wako unanukia kama majani ya chai."

"Unakomaa huo."

"Umebaki kijiti."

"Nguvu zote zimeshuka kwenye mizizi. Wewe subiri."

Hawakusubiri sana. Mlango uligongwa. Mkunga alisimama kizingitini na pilipili moja nyekundu kiganjani.

"Umeipaka rangi ya kucha," kinyozi alisema.

"Ionje, mwanangu."

Akaitia mdomoni yote. Kilichofuata hakikuhitaji mwamuzi. Machozi yalimtoka, kamasi zikafuata, akawa haoni mbele wala nyuma. Mke wake alimpa mkunga wembe. Kinyozi aliomba jambo moja tu, asinyolewe mbele ya wateja. Mkunga akamshika mkono kama kipofu, akamvusha uchochoro mpaka chumbani kwake, akamkalisha kwenye kiti.

Mkunga akaanza kunyoa. Kinyozi alisikia masharubu yakianguka mapajani, akalia upya, safari hii si kwa pilipili. Ilimuuma kweli. Mdomo wake wa juu ulipigwa na upepo kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Haya, kwisha," mkunga alisema, akampa kitambaa.

Kinyozi akajifuta macho, akayafumbua. Chumba kilikuwa cheupe kama uwanja saa sita mchana. Kulikuwa na pilipili, mabilinganya, mchicha, na maboga yaliyopanda mpaka darini, na kila jani limeinamia dirishani, kuelekea nyumbani kwake.

"Ukifika kwako taa usiizime, mwanangu," mkunga alisema, akikunja wembe. "Nimeshapanda matikiti."