Dundu Warudisha Vya Mwenyeji

Kabla tembo hajajua aibu, uwanja wa ikulu yake ulisafishwa na dundu wahamiaji, walioviringisha mavi yake na kuyatupa bondeni. Siku dundu mmoja, Kibeto, alipowadaia wenzake mapumziko, Tembo akamhukumu kukanyagwa adhuhuri.

"Mtanifanya nini, wageni nyie?" Tembo akacheka.

"Hatukufanyi kitu, Mheshimiwa," akajibu Bi Mwatumu, shangazi yake Kibeto. "Tunarudi kwetu. Ila kwetu mgeni haagi kabla hajarudisha vitu vya mwenyeji."

Basi wakaja maelfu kwa vigelegele, wakiviringisha mavi ya miaka saba kutoka bondeni hadi uwanjani. Tembo akainua mguu amkanyage Kibeto, akateleza, akazama hadi masikioni.

"Nimemsamehe! Zoeni!"

"Pole sana, Mheshimiwa," Bi Mwatumu akasema. "Leo tunapumzika."