Maji ya Kunawa

Siku ya kumuaga Mwalimu Nakijwa, aliyekuwa anastaafu, wanafunzi wa kidato cha tatu walimpikia pilau. Kabla ya kula, Upendo, msichana aliyemcheka mwalimu huyo mwaka mzima kwa jinsi alivyowafuata wanafunzi na ndoo ya kukingia maji kila walipofungua bomba, alipiga magoti akammiminia maji ya kunawa. Beseni lilikuwa chini, likiyakinga.

Mwalimu alinawa polepole. Kwa kutaka tu kuficha machozi, aliinama akalinyanyua beseni ayatupe maji uani.

“Mwalimu, usimwage!” Upendo alilidaka beseni kwa mikono miwili. “Hayo bado yana kazi.”

Darasa zima likaangua kicheko. Maneno hayo yalikuwa ya mwalimu mwenyewe, na tangu Januari walikuwa wakimwigiza kwa sauti yake ya puani. Safari hii Upendo aliyasema kwa sauti yake mwenyewe.

“Ahsante, mwanangu,” alisema Mwalimu Nakijwa.

Upendo akaenda na beseni taratibu hadi kwenye miche ya mipapai nyuma ya darasa, macho kwenye maji, asidondoshe hata tone. Mwalimu alimtazama, mikono ikiwa bado imelowa, na hakutaka kuifuta.