Dakika ya Mlango

Kabla hawajashuka kwenye teksi nje ya ukumbi wa tuzo, dada mtu alimpekua mdogo wake mifuko yote. Akakuta leso na pipi ya kikohozi.

"Hotuba iko wapi?"

"Sina hotuba, dada."

"Kwa hiyo utamtukana Wembe kwa kichwa?"

Mlango akacheka tu. Dada akazidi kuingiwa na hofu.

Mlango si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na Wembe, mwenyekiti wa wahakiki wa televisheni, mzee ambaye kalamu yake imewatoa wengi machozi. Kijana alipoigiza kwa mara ya kwanza, mama yao alinunua gazeti, akaita majirani, akataka lisomwe kwa sauti. Wembe alikuwa ameandika: "Mahali pa kijana huyu wangeweka mlango. Mlango angalau hulia ukifunguliwa." Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Hakumwambia tena mtu yeyote kwamba mwanawe ni mwigizaji, na akafa hivyo hivyo.

Jina likaganda, kazi zikakauka. Akawa anapaka rangi kuta za mbao ili wenzake waigize mbele ya kuta hizo. Siku moja uzalendo ukamshinda, akaenda mpaka nyumbani kwa Wembe kumvunja taya. Hakumkuta. Alirudi jioni mpole, kama aliyemwagiwa maji, na tangu hapo hakumtaja. Dada akashukuru Mungu, akadhani yameisha.

Thubutu! Yaishe wapi?

Ndipo akapata tamthilia fupi, vipindi sita tu. Aliigiza mzee msomi anayemtesa mkewe bila kumgusa. Hapigi, hafoki. Mke akianza kusema jambo, mzee anavua miwani, anafuta vioo kwa ncha ya tai, polepole, kimoja kisha cha pili, halafu anauliza: "Umemaliza?" Basi. Mke ananywea. Neno likashika mji mzima, saluni mpaka gereji. Watoto walilijaribu kwa walimu wao, wakajuta.

"Ushetani huu umejifunza wapi?" dada alimuuliza.

"Kwa mama mmoja. Nilikuwa nakwenda kwake Alhamisi mchana. Anajua kazi."

Na wa kwanza kusifu akawa nani? Wembe! "Mtu mwovu namna hii hayupo duniani," aliandika, "ametungwa, na ndiyo maana hii ni sanaa." Mlango alisoma akacheka mpaka machozi. Dada hakuona cha kuchekesha hapo.

Ukumbini walipewa viti vya safu ya tatu. Kwenye meza ya mbele, mama mmoja wa gauni la kijani aligeuka, akamwinamishia Mlango kichwa, akageukia jukwaa tena.

"Nani huyo?"

"Mwalimu wangu."

Dada hakuwa na muda wa walimu. Akamkamata mkono. "Mdogo wangu, hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Ukimtukana mbele ya kamera, kesho yeye ndiye atakayeonewa huruma, na wewe utarudi kwenye ndoo za rangi."

"Sitasema neno baya hata moja. Haki ya mama. Lakini nataka aumbuke, dada. Humu humu, mbele ya watu kama alivyomfanya mama. Nisipolipata hilo, tuzo wakae nayo."

Wembe akapanda jukwaani, suti imemkaa, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye koti. Akataja wagombea watano wa mwigizaji kinara wa tamthilia fupi. Akafungua bahasha, akasoma, akatabasamu.

"Haya jamani, Mlango umefunguka!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Dada akafumba macho. Mlango akapanda, akapokea tuzo kwa mikono miwili, akainama kwa adabu zote.

"Dakika moja tu," Wembe akamkumbusha.

"Sihitaji hata hiyo, mzee. Nampa mwalimu wangu."

Mama wa gauni la kijani akainuka. Alipanda ngazi ameshika gauni lisimkwaze, na Mlango akamsogezea kipaza sauti. Wembe akaacha kupiga makofi.

"Mimi si mwigizaji," mama akaanza. "Kijana huyu alibisha hodi nyumbani kwangu akitaka kumvunja mtu taya. Nikamwambia, mwanangu, taya hupona. Kaa unywe chai, nikuoneshe kitu ambacho..."

Minong'ono ikakatika. Kwenye safu ya tatu, dada akafumbua macho, akaona watu wote wamekodoa, na si mama waliyekuwa wanamtazama.

Nyuma ya mama, Wembe alikuwa amevua miwani. Ameshika ncha ya tai, anafuta kioo kimoja, polepole, kisha cha pili. Akaivaa, akamtazama mkewe.

"Umemaliza?"