Kigae cha Chini ya Mpera

Mtungi wa Bi Zuhura ulipopasuka, kigae chake kiliwekwa chini ya mpera, kikatiwa maji, na ndege wa bustani wakawa wanaoga humo. Tetere, mpenda usafi, hakuacha kunung'unika.

"Chiriku, mbona wanirushia matope?"

"Samahani, dada," Chiriku alijibu akicheka, kisha akamkuna kisogoni, pale ambapo mdomo wa ndege mwenyewe haufiki.

Siku moja Bi Zuhura akaweka bakuli jeupe la saruji juu ya nguzo. Tetere akahamia siku hiyohiyo. "Bakini na matope yenu!"

Maji ya huko yalikuwa maangavu, lakini yalikuwa na kina. Miguu haikugusa chini, ikawa analowesha kifua tu, ameng'ang'ania ukingo. Kila asubuhi alisikia vicheko kule chini ya mpera, na kisogo kikamwasha. Akayakumbuka hata yale matope.

Mwishowe akashuka.

"Dada Tetere! Kwani maji ya juu yamechafuka?"

"Ni safi kupita kiasi," alisema, akainamisha kichwa. "Ila hayana wa kunikuna."

Chiriku alimrushia matope kwanza, ndipo akamkuna. Na Tetere, mpenda usafi, akafumba macho.