Joka la Watu Wawili

"Mama, mwambie mwanao aondoe kifungo chake mbele ya changu," mwana mkubwa alisema.

"Mwambie mwenyewe. Masikio anayo, nilimzaa nayo."

Mezani, vifungo viwili vya koti ndivyo vilivyokuwa mashujaa, na donge la uzi mwekundu ndilo joka. Mama, fundi cherehani, ndiye msimulizi: yeye husema joka limefanya nini, wanawe hurusha dadu kujua kama panga zao zimepata. Mchezo wao wa tangu shuleni. Mama aliufufua kwa sababu moja: tangu wamzike baba yao hawasemezani, na ukimuuliza huyu kulikoni, anakwambia kamuulize yule. Wakija, mkubwa hugongagonga kuta, mdogo hutazama dari. Kukwepana macho tu, Mama alijua.

Kulipima joka kulimtesa kuliko gauni la bibi harusi. La kwanza lilikuwa legelege. Mkubwa alilimaliza kwa pigo moja, akajigamba, mdogo akaondoka bila kuaga. La pili lilibana mno. Liliwaunguza wote, wakalaumiana hadi mlangoni. Hili la leo alilikata kwa kipimo: akilijeruhi mmoja, jeraha linajifunga palepale. Wakipiga pamoja, linafumuka.

"Nimelipata!" mkubwa akasema.

"Jeraha limejifunga. Na moto huo, unakuja kwako."

Mdogo akacheka. "Shujaa mkaa!"

Akarusha naye. Jeraha likajifunga, na mkubwa akapata zamu yake ya kucheka. Wakarusha tena na tena, kila mtu kivyake, hadi mashujaa wakawa hoi. Mama alitamani kulipunguza joka makali. Akajizuia. Mvumilivu hula mbivu.

Mwishowe mdogo akamtazama nduguye usoni. "Kaka, hili halifi hivi."

"Naona."

"Twende nje tupange. Mama asisikie."

Wakatoka barazani. Mama akabaki na donge la uzi mkononi, hata kupumua anaogopa. Akasikia minong'ono, halafu ubishi. Halafu kicheko. Cha wawili! Machozi yakamtoka.

Waliporudi, walirusha dadu kwa pamoja. Mama wala hakuzitazama.

"Limekufa!" Akapiga kigelegele. "Damu nzito kuliko maji, wanangu! Laiti baba yenu angekuwepo!"

Mkubwa akamshika mdogo wake bega. "Tumeelewana, Mama. Mnunuzi wa nyumba hii alikuwa anangoja hilo tu. Kesho tunatia saini."

"Kwangu nafasi ya kitanda ipo, Mama," mdogo akasema. "Ya cherehani ndiyo hakuna."